Mlango wa Mbele Uko Ziwani

Aprili 25, 2024 jiji la Venice lilianza kumtoza mgeni wa kutwa yuro 5 katika baadhi ya siku zenye msongamano, na watu hawajaacha kumiminika. Mifereji ya Amsterdam, iliyochimbwa karne ya 17, imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2010. Toleo hili linahusu miji ya maji, na najua utauliza: Venice inatuhusu nini sisi wa Bukoba, Muleba na Kimwani?

Inatuhusu kwa sababu mifereji ile haikuchimbwa ili ipigwe picha. Ilipitisha magunia, mapipa na watu wenye haraka zao. Hadi leo nyumba za Amsterdam zina kulabu za kupandishia mizigo juu ya madirisha, na mgeni husimama kuzishangaa. Anachokishangaa ni mabaki ya kazi. Sisi kazi yenyewe bado tunayo. Kaa Kemondo meli ya Mwanza inapopakia uone mikungu ya ndizi ikipita mabegani mwa makuli, wenye mizigo wakigombana na karani, abiria wakiulizana nani kamwona nani. Teremka kwenye mialo ya Muleba asubuhi, mitumbwi ikirudi na dagaa: bei inapangwa miguu ingali majini. Hakuna mwongoza watalii anayeweza kuipanga shughuli hiyo, na heri asijaribu.

Bukoba yenyewe ni mtoto wa ziwa. Emin Pasha alipoweka kituo cha Wajerumani mwaka 1890 alichagua ufukoni, na Waingereza walipokuja kuuteka mji Juni 1915 walikuja kwa meli. Leo mgeni anaingia kwa basi, anaiona stendi, analala, anaondoka.

Sababu mojawapo ya kuyakwepa maji inajulikana. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na Kagera nzima ikaingia msibani. Hofu ile siidharau, wala simshauri mtu apande mtumbwi uliojaa kupita kiasi eti akaone mandhari. Lakini meli ya MV Victoria imekarabatiwa, na mwaka 2020 ilirudi kwenye njia yake ya Mwanza na Bukoba.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mipango ya kupendezesha ufuko, ambayo kwa kawaida huanza kwa kumfukuza anayeanika dagaa. Ni kweli dagaa wananuka. Ila ufuko usio na mvuvi utafanana na fukwe elfu nyingine, na mgeni hatakuwa na sababu ya kuja hadi huku.

Basi halmashauri zetu zijenge vyoo, vichanja vya kuanikia na gati imara, na mvuvi abaki alipo. Nawe msomaji, safari yako ijayo ya Bukoba, kata tiketi ya meli na uulizie maboya kabla hujapanda.