Fahari Si Kiburi: Wakimbizi wa Kakuma na Haki ya Kuonekana



Kila mwezi wa Juni, katika miji mingi ya dunia, watu wapendao wenzao wa jinsia moja, pamoja na wale wasiojitambua katika jinsia waliyotajiwa walipozaliwa, hufanya maandamano yaitwayo ya Fahari. Wengi wetu hudhani kuwa hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Hata hivyo, Juni 2018 sherehe ya namna hiyo ilifanyika Kakuma, Turkana, katika kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992. Walioiandaa walikuwa wakimbizi, na wengi wao walitoka Uganda. Yatupasa kujiuliza: mtu asiye na nchi wala makao ya kudumu anasherehekea nini?

Kwanza tutazame sababu ya safari yao. Wahenga walisema, akufukuzaye hakwambii toka. Hawa waliambiwa waziwazi. Februari 2014 sheria kali dhidi yao ilitiwa sahihi nchini Uganda. Mahakama ya Katiba iliitangua Agosti mwaka huohuo, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka. Mei 2023 ikaja sheria nyingine, yenye kifungo cha maisha na, kwa makosa fulani, hukumu ya kifo. Na Aprili 2024 Mahakama hiyo iliacha sehemu kubwa yake isimame. Hapa Kenya nako huikuta Kanuni ya Adhabu ikitaja kifungo cha hadi miaka 14.

Mkimbizi mwingine afikapo kambini, mara nyingi hupokewa na watu wa lugha yake na dhehebu lake. Huyu huenda akajificha hata kwa hao, kwa kuwa baadhi yao ndio aliowakimbia. Hana jamaa wa kumpa maji, wala jirani wa kumlilia akifa. Kwake yeye, kukusanyika hadharani siku moja na walio kama yeye ni kujua kwamba hayuko peke yake duniani. Ndipo yule aliyefika jana humjua wa kumwuliza habari za kuandikishwa na za matibabu. Ndipo marehemu wao hutajwa kwa majina. Wana wa Israeli walioketi kando ya mito ya Babeli waliona vigumu kuimba ugenini. Hawa wamechagua kuimba, ili wasisahau kwamba wao ni watu.

Wako wanaosema kwamba kujivuna ni dhambi. Ni kweli, kiburi ni miongoni mwa vilema vikuu. Lakini lugha yetu yatufundisha kupambanua. Mwenye kiburi hujiinua juu ya jirani yake. Fahari inayosemwa hapa ni ya mtu aliyeinamishwa kichwa kwa nguvu, naye akakiinua hadi usawa wa wenzake, basi. Maandamano haya yana asili hiyo. Juni 1969 polisi wa New York walivamia baa iitwayo Stonewall Inn, na waliokuwamo wakakataa kuonewa tena. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 28 Juni 1970, watu waliandamana kuikumbuka siku ile.

Wengine husema kwa nia njema: si afadhali wanyamaze, wawe salama? Hoja hii ina uzito, kwani baada ya sherehe ya 2018 vitisho vilifuata, na Desemba mwaka huo wengi wao walihamishiwa Nairobi kwa sababu ya mashambulio. Lakini Machi 2021 wakimbizi wawili wa Kakuma walirushiwa moto, na mmoja wao akafa mwezi uliofuata kwa majeraha. Hawakuwa wakiandamana. Kimya hakikuwa ngao kwao. Kilichowakosesha usalama ni chuki, na chuki hustawi pale ambapo jirani haoni kuwa aliyepigwa ni mtu.

Katika haya yote fundisho la Kanisa kuhusu ndoa halikubadilika, wala makala haya hayaligusi. Lakini Katekisimu, katika namba 2358, yatuagiza kuwapokea watu hawa kwa heshima na huruma, na kuepuka kila ubaguzi usio wa haki. Januari 2023 Papa Fransisko alitamka kwamba kuwa mtu wa namna hiyo si jinai. Na Februari mwaka huo, akirejea kutoka Sudan Kusini, alikemea sheria za kuwaadhibu, naye Askofu Mkuu wa Canterbury akaungana naye.

Kwa hiyo twaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo mambo matatu. Mimbari na mikutano yetu isiwe mahali pa kuwatukana watu hawa. Mkimbizi akishambuliwa, tumsindikize hospitalini na kituo cha polisi, pasipo kumwuliza kwanza anampenda nani. Na wakisherehekea, asiyeweza kujiunga nao awaache wapite kwa amani.

Katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, Bwana atatuuliza habari za mgeni. Hatasema ni mgeni wa namna gani.