Siku 30 Kuanzia Lini?

Wasee, leo naongelea ile laini moja ya invoisi ambayo hakuna mtu husoma mpaka mwezi uishe na simu iwe kimya. Ile imeandikwa "Net 30". Wengi wetu tunaopiga picha, kushuti video na kuandikia kampuni kepsheni huiona tukadhani ni mambo ya wahasibu tu. Mimi nasema hiyo laini ni mkopo. Wewe ndiye unakopesha, kampuni ndiyo inakopa, na riba ni sufuri.

Hebu fikiria. Kijana wa miaka 22 anaishi bedsita Roysambu. Amekodisha kamera, amelipa boda, amenunua bando za kutuma mafaili makubwa. Hizo zote amelipa papo hapo. Halafu anaiachia kampuni yenye ghorofa nzima Upper Hill mwezi mmoja wa kukaa na pesa zake bure. Yeye akiishiwa kabla ya huo mwezi kuisha, anakopa kwa simu, na huko riba iko. Sisemi kampuni zote ni wezi. Kulipa baada ya siku 30 ni desturi ya biashara karibu kila mahali. Lakini kama ni mkopo, basi uuelewe kama mkopo: unaanza lini, unaisha lini, na asipolipa inakuwaje.

Hapo kwa "unaanza lini" ndipo watu huumia. Tuseme umemaliza kazi tarehe 3 Machi na ukatuma invoisi siku hiyo hiyo. Kama siku 30 zinahesabiwa kutoka tarehe ya invoisi, pesa inafaa kuingia 2 Aprili. Kama mlikubaliana siku 30 kutoka mwisho wa mwezi, unaanza kuhesabu 31 Machi na unafika 30 Aprili. Maneno yanakaribiana kabisa, lakini katikati yake kuna kodi ya nyumba nzima. Halafu kuna wale hulipa mara moja tu kwa mwezi, tuseme kila tarehe 28. Invoisi yako ikiiva 30 Aprili, malipo ya 28 Aprili yashakupita, unangoja 28 Mei. Karibu miezi mitatu tangu ushike kamera, na ukipiga simu unaambiwa kwa upole sana uvumilie, uko kwenye foleni.

Ile mbaya kuliko zote ni "siku 30 baada ya kazi kuidhinishwa". Kuidhinishwa na nani? Bosi akienda likizo Diani, hesabu yako haijaanza hata siku moja. Hii mimi siwezi kuikubali bila kuongeza sentensi moja: mteja asiposema chochote ndani ya siku 5, kazi imekubaliwa.

Kwa hivyo acha kuandika idadi ya siku. Andika tarehe. "Mwisho wa kulipa ni 2 Aprili." Tarehe haina tafsiri mbili. Na usingoje kuiandika kwa invoisi, kwa sababu invoisi ni karatasi yako, unaweza kuandika chochote unachopenda. Kama LPO yao inasema siku 60 na wewe umejiandikia siku 7, mtu wa akaunti ataangalia LPO, basi. Tarehe inakubaliwa kabla hujagusa kazi, kwa imeili ama hata WhatsApp, mahali inaonekana.

Kuna pia hii ya eTIMS ambayo vijana wengi wanaidharau. Tangu 1 Januari 2024, kwa kawaida KRA haikubali kampuni itoe gharama kwenye hesabu ya kodi yake kama haina invoisi ya eTIMS. Ukiwatumia PDF yako safi yenye logo na rangi tatu, inaweza kukaa hapo tu, na kwao hesabu ya siku haijaanza. Itakuja wiki ya tatu ndipo uambiwe "tuma ya eTIMS". Uliza mapema. Na wakikulipa 38,000 badala ya 40,000, usianze matusi: hiyo 2,000 ni kodi ya zuio, asilimia 5, na inafaa kuonekana kwa iTax yako. Ikikosekana huko, hapo sasa unaweza kuuliza kwa sauti.

Najua kile utaniambia. Ati ukiuliza mambo ya pesa mapema utaonekana una njaa, na kuna wengine 50 wanangoja hiyo kazi. Ni kweli wapo. Lakini aliyekuandikia DM ni mtu wa maketing, na mara nyingi hajui pesa hutoka lini. Ukimuuliza "akaunti hulipa tarehe ngapi?" hujamtusi, umemuuliza kitu cha kazi. Muombe pia nusu kabla ya kuanza. Hiyo nusu ikitosha kamera na usafiri, basi unachowakopesha ni faida yako tu, si pesa ya chakula. Akikataa nusu, akakataa tarehe, na hataki kuandika chochote, huyo mimi ningemwachia wale 50.

Wiki moja kabla ya tarehe, tuma ukumbusho kwa akaunti, si kwa rafiki yako wa maketing. Tarehe ikipita, tuma mwingine wenye namba ya invoisi na kiasi. Stori za mafumbo kwa status hazijawahi kulipa invoisi ya mtu.

Na wakinyamaza kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza Milimani mwaka wa 2021, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kwenda bila wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60 tangu uiwasilishe. Siku 60! Kuna wateja hulipa polepole kuliko hapo. Ukienda, beba invoisi, beba ushahidi kwamba kazi ilifika, na ubebe ile meseji ambayo mlikubaliana tarehe.