Dirisha Linalovuja Haliponi kwa Kupakwa

Mwezi huu naomba mnivumilie, kwa sababu sitazungumzia uji wa mtoto wala chanjo. Nitazungumzia madirisha ya boti. Huenda baadhi yenu mtasema, "Hayo ni mambo ya wanaume." Nami nilisema hivyo kwa miaka mitatu, na kwa sababu hiyo nimeona sina budi kuandika.

Mume wangu na mdogo wake wana boti ya injini hapa Ziwa Victoria. Ni boti ya zamani ya mbao, yenye kabini ya plaiwudi na madirisha sita ya kusukuma, matatu kila upande. Hubeba abiria na mizigo kati ya Mwanza na visiwani. Jumamosi moja kila mwezi hutuchukua sisi wa kikundi cha akina mama wa kanisa kwenda kupima uzito wa watoto na kuzungumza na wazazi wao. Boti hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wetu, kwa hiyo siwezi kuisema vibaya.

Lakini madirisha yake yalikuwa yanavuja. Masika yakianza, au upepo ukichafua ziwa na mawimbi yakapiga ubavuni, maji yaliingia ndani. Abiria wa siku nyingi walishajua kiti cha kukalia na kiti cha kukwepa. Mume wangu alisema mara nyingi kwamba tuyang'oe yote tuweke mapya. Mimi ndiye ninayeshika daftari la matumizi ya nyumba, nikamjibu, "Baba, ada ya shule kwanza. Nunua tyubu ya silikoni upake." Akapaka. Masika yaliyofuata yakavuja tena, akapaka tena. Nilijiona mama mwenye busara, anayejua kubana matumizi.

Aprili 2023 tulisafiri na mama mmoja kijana aliyekuwa anarudi kwao kisiwani na mtoto wa siku tatu. Tulimkalisha upande usio na upepo, akaegemea ukuta wa kabini, mtoto akiwa amefungwa vizuri ndani ya kanga na blanketi. Njiani mvua ilinyesha. Baada ya muda kama wa saa moja nilishika miguu ya yule mtoto, nikaikuta ni ya baridi. Nilipopitisha mkono nyuma ya blanketi, lilikuwa limelowa chepechepe. Maji yalikuwa yanateremka ukutani kimyakimya, na blanketi linayanywa.

Nilikuwa na kipimajoto mkobani. Kilisoma nyuzi 35.4. Mtoto mchanga anatakiwa awe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Tulimvua nguo zote zenye maji, tukamkausha, tukamvika kofia na kumweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kisha tukawafunika wote wawili kwa kitenge changu kikavu. Akaanza kunyonya. Tulipofika kisiwani alikuwa amefika nyuzi 36.6. Mama yake alinishika mikono akasema, "Asante sana, Sista." Sikuweza kumtazama usoni, maana niliyezuia lile dirisha lisitengenezwe ni mimi.

Usiku ule nilimwambia mume wangu, "Baba watoto, yang'oe. Zamu yangu ya upatu ni mwezi ujao, tutaanzia hapo." Hakunisimanga. Alisema tu, "Kesho namwita fundi."

Fundi ni mzee aliyeanza kutengeneza mitumbwi tangu ujana wake. Kabla hajagusa bisibisi aliniuliza, "Sista, mgonjwa akikwambia kichwa kinauma, unampaka dawa kichwani?" Nikacheka, lakini nikamwelewa. Maji yanapoonekana sipo lazima yanapoingilia.

Boti ikavutwa ufukoni, kabini ikaachwa wazi juani siku tatu ikauke. Kisha akapaka unga wa chaki ukutani chini ya kila dirisha kwa ndani. Mtu mmoja alibaki ndani akiangalia, na mwingine akamwagia maji nje kidogo kidogo, akianzia chini ya dirisha, halafu pembeni, halafu juu, sehemu moja moja. Ukimwagia kote kwa pamoja hutajua kilichovuja ni kipi. Maji yakipita, chaki huonyesha mfereji wake. Tukagundua kwamba dirisha moja tulilolipaka mara tatu halikuwa na kosa lolote. Maji yalikuwa yanaingilia kwenye skrubu za mkono wa kushikilia ulioko juu ya paa, yanatembea ndani ya mbao, na kutokea kwenye kona ya dirisha.

Madirisha mengine yalikuwa mabovu kweli, na hapo ndipo nilipoona aibu zaidi. Fremu za madirisha ya kusukuma zina mfereji kwa chini, na kwenye mfereji huo kuna vitundu vya kutolea maji nje. Vitundu vile vilikuwa vimezibwa kabisa na silikoni yetu. Kwa hiyo maji ya mvua yalijaa mferejini, yakakosa njia ya nje, yakamwagikia ndani. Dawa niliyoinunua mimi ndiyo iliyoongeza ugonjwa.

Fremu zilipotoka, fundi alichomeka bisibisi kwenye ukingo wa plaiwudi. Iliingia kama kwenye papai lililoiva. Plaiwudi ni tabaka za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na ukingo wake uliokatwa hunywa maji kama kitambaa. Kwa nje rangi ilikuwa nzuri, lakini kwa ndani mbao ilikuwa nyeusi na laini. Alikata sehemu yote iliyooza mpaka akafikia mbao ngumu, akaunga vipande vipya kwa epoksi, na kabla ya kuweka dirisha lolote akapaka epoksi kwenye kingo zote. Mabaki ya silikoni ya zamani aliyakwangua na kuyapiga msasa yakaisha, kwa sababu gundi mpya na rangi hazishiki juu ya silikoni ya zamani.

Sasa nieleze vioo, maana hapa watu hudanganyika kwa bei. Usikubali kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba. Kikivunjika hutoa vipande vikali kama visu, na ndani ya boti hakuna pa kukimbilia. Sisi tulitumia akriliki, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ya unene wa milimita 6. Fundi alikata kwanza mfano wake kwa boksi, akajaribisha kila tundu la dirisha, ndipo akakata yenyewe. Akriliki hutanuka kwa joto kuliko mbao. Kipande cha sentimita 60, kikitoka kwenye baridi ya alfajiri na kupata joto la jua kali lililozidi kwa nyuzi 30, huongezeka zaidi ya milimita 1. Kwa hiyo matundu ya skrubu ni lazima yawe mapana kuliko skrubu zenyewe, la sivyo kioo hupasuka kuanzia pale.

Kosa jingine ni langu tena. Nilitaka kusaidia, nikachukua spiriti ya kusafishia ngozi nikafuta vioo vipya. Kesho yake kimoja kilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele kuzunguka matundu. Spiriti, asetoni na petroli huharibu akriliki. Kinachotakiwa ni maji, sabuni laini na kitambaa cha pamba. Kipande kile kilikatwa upya, na fedha ikatoka kwenye kanga zangu za Krismasi.

Kwa kuzibia alitumia utepe wa butili, ambao haukauki ukawa mgumu bali hubaki laini na kuvutika. Alinionya kwamba kuna gundi za mashua zinazofaa sana kwa mbao lakini zinakula akriliki, na kwamba silikoni yenye harufu ya siki hushambulia baadhi ya madini. Wakati wa kukaza hakutumia nguvu. Alikaza kila skrubu kidogo, akizunguka pande zote, akaiacha siku nzima, kisha akarudia. Ukikaza kwa hasira mara moja, gundi yote hukamuliwa nje na hakuna kinachobaki cha kuzuia maji.

Yalipobaki madirisha mawili ya mwisho, tulitofautiana na mume wangu. Alitaka yote sita yafungwe moja kwa moja yasifunguke, kwa kuwa dirisha lisilofunguka halivuji kirahisi. Ni kweli. Lakini sisi tunaoishi kando ya ziwa hili hatujasahau MV Bukoba, Mei 21, 1996, wala MV Nyerere, Septemba 20, 2018. Sisemi kwamba madirisha ndiyo yaliyoleta misiba ile. Nasema kwamba mama aliye ndani ya kabini na mtoto mgongoni anahitaji njia ya pili ya kutoka, kwa sababu mlango ni mmoja. Nikamwambia, "Tulizuia maji yasiingie. Tusizuie watu wasitoke."

Alinyamaza muda mrefu, halafu akamwita mkaguzi wa TASAC aje aone kabla hatujaendelea. Mwishowe dirisha moja kila upande likawekewa bawaba, linafunguka kwa nje, mtu mzima anapita, na komeo lake linafunguliwa kwa mkono bila ufunguo. Ili kuhakikisha mpira wake unashika, fundi alifungia kipande cha karatasi kila pembe. Karatasi ikichomoka kirahisi, mpira haujagusa na maji yatapita hapo. Tumeandika pia kwa rangi nyekundu kwamba magunia yasipangwe mbele ya madirisha hayo.

Masika ya 2024 yalipita. Nilisafiri mara tatu kwenye mvua kubwa, na kila mara nilipitisha kiganja ukutani nyuma ya viti. Palikuwa pakavu.

Dada zangu, wengi hatumiliki boti, lakini tunapanda boti na watoto wetu. Kabla hujakaa, gusa ukuta na kiti. Usimwegemeze mtoto mchanga ukutani; mweke kifuani, kofia kichwani, na ubebe kitenge kikavu ndani ya mfuko wa plastiki. Tazama dirisha linalofunguka liko wapi. Vaa jaketi okozi, na umvalishe mtoto lake. Ukiona maji yanaingia mwambie nahodha, usione haya.

Na wewe unayeshika daftari la nyumba kama mimi: mwenzako akikuambia kitu hiki kimeoza ndani, usiharakishe kutaja ada ya shule. Nenda naye, mshikie taa, achomeke bisibisi, mwone wote wawili. Zile tyubu za miaka mitatu nimezijumlisha. Zilikaribia bei ya vioo viwili, na hazikuzuia hata tone moja lisimfikie yule mtoto.

Nilimwona tena mwezi uliopita kwenye mizani yetu kisiwani. Anatembea, ana meno, na alinililia kama wanavyowalilia wauguzi wote. Tukijaliwa, mwezi ujao tutarudi kwenye uji.