Barua za Askari wa Burma: Mali Bila Daftari

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anapotajiwa Vita vya Pili vya Dunia, aghalabu humkumbuka Shaaban Robert na Utenzi wa Vita vya Uhuru. Hakosei. Hata hivyo, vita hivyo vilizaa pia maandishi ya Kiswahili ambayo hayajapata nafasi yanayostahili katika kumbi za mihadhara, nayo ni barua ambazo askari vijana wa King's African Rifles waliziandikia jamaa zao.

Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana huko Burma katika Bonde la Kabaw, na mwezi Desemba ikavuka mto Chindwin. Wengi wa vijana hao walifunzwa kusoma na kuandika jeshini. Ambaye hajajua kuandika alimsemea mwenzake, naye akamwandikia. Kisha barua ilipitia kwa afisa wa udhibiti, aliyekuwa na uwezo wa kufuta jina la mahali au habari za mapigano. Ilipofika kijijini, mzazi au mke asiyejua kusoma alisomewa na mwalimu au mtoto wa shule.

Hapa ndipo penye suala la kifasihi. Kijana angemwambiaje mkewe kwamba ana hofu, ilhali wageni watatu wanasikiliza? Salamu ndefu, majina ya jamaa yanayotajwa mmoja mmoja, swali kuhusu mvua na mifugo: haya si maneno ya kujazia karatasi. Anayemwuliza baba yake kama mvua imenyesha anamwambia kwamba moyo wake ungali nyumbani. Mhakiki anayefundisha taharuki na kinaya katika riwaya hana sababu ya kuupuuza ukimya wa namna hii.

Wapo watakaopinga kwamba Kiswahili cha barua hizo ni kile cha kambini, kilichopewa jina la KiKAR, chenye upatanisho wa kisarufi uliovunjika. Pingamizi hilo halina mashiko. Mwandishi alikuwa Mkamba, Mluo au Mkalenjin aliyejifunza lugha hiyo kwa amri na gwaride, kisha akaigeuza kuwa lugha ya mapenzi na wasia. Mageuzi hayo ni sehemu ya historia ya Kiswahili nchini Kenya, na kuyasahihisha ni kuyafuta.

Jambo la kusikitisha ni kwamba sehemu ya barua hizo imesalia tu kama vidondoo katika taarifa za maafisa wa udhibiti, tena vikiwa vimefasiriwa kwa Kiingereza. Msomi wa Kiswahili hulazimika kumsikia askari kwa kinywa cha aliyempeleleza. Barua asilia, kama zipo, zimo katika masanduku ya bati pamoja na picha ya kijana aliyevaa sare na nishani ya Burma Star. Takriban miongo minane imepita tangu vita vilipokwisha mwaka 1945, na mara nyingi mzee anapozikwa, karatasi zake huchomwa pamoja na takataka. Meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa tarehe 12 Februari 1944, na zaidi ya watu 1,200 wakafa. Kwa jamaa za askari waliozama, barua iliyotangulia safari ile huenda ndiyo kaburi pekee.

Idara za Kiswahili hazihitaji kusubiri wafadhili. Mwanafunzi anayekwenda likizo na aulize nyumbani kwao kwa adabu. Akiruhusiwa, aipige barua picha pande zote mbili, anakili maneno bila kurekebisha tahajia, aandike ni nani aliyeandika na nani aliyesomewa, kisha airudishe kwa wenyewe, kwani ni yao. Nakala na ihifadhiwe chuoni kwa idhini ya familia.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Askari hao waliandika. Kazi ya kutunza daftari imebaki kwa wanaosomea lugha waliyoiandika.