Ampli ya Kisangani ijengwe kwa umeme wa Kisangani

Fundi wa Mangobo au Kabondo anajua kujenga ampli. Anachukua TDA2030, chipu ndogo ya miguu mitano, transfo iliyotolewa katika redio ya zamani, kondesa mbili kubwa, na jioni muziki unalia. Baada ya siku chache chipu imeungua, mteja amekasirika, wanabishana.

Mikono ya fundi ni mizuri. Hesabu ndiyo inayomponza. Mchoro anaoufuata unataka transfo ya volti 12-0-12. Umeme ukiwa 220, kila upande unapata karibu volti 16. Sawa. Lakini ni nani hapa kwetu ana 220 usiku kucha? Ukipanda hadi 250, kila upande unapita volti 18, na 18 ndiyo mwisho wa TDA2030. Weka 9-0-9! Nguvu itapungua, ndiyo, na jirani mwenye baa atacheka, lakini ampli itadumu.

Kuna pia lile bati la kupoozea. Mgongo wa chipu umeungana na upande wa hasi. Bati likigusa masi ya sanduku, ni shoti. Kipande cha mika kinatosha. Wengi wanakiruka.

Kule Kinshasa, Konono Nº1 walijitengenezea maikro kwa sumaku za magari, na mwaka 2004 albamu yao Congotronics ikapendwa hadi Ulaya pamoja na mngurumo wake. Vizuri. Ila mama aliyenunua ampli kwa ajili ya matanga hatafuti mngurumo. Anataka sala isikike mpaka asubuhi, na fundi amwambie, kabla ya kupokea pesa, ni volti ngapi alizopima.