Mwenye Shimo Ni Nani?

Mama mmoja wa Nyatike alifika ofisini mwangu akiwa na bahasha moja mkononi. Ndani ya bahasha mlikuwa na kitambulisho cha mwanawe na kibali cha maziko. Kijana huyo alikuwa amefukiwa na udongo katika shimo la dhahabu, na wenzake walimtoa kwa majembe na kwa mikono mitupu. Mama hakuja kulia. Alikuja kuuliza swali moja: "Wakili, mwanangu, nimshitaki nani?"

Nilidhani swali hilo ni jepesi, kwa maana nimesomea kulijibu. Tukaanza kutafuta. Mwenye shamba alisema yeye amekodisha ardhi tu. Aliyesimamia shimo alisema marehemu hakuwa mwajiriwa wake bali mshirika, kwa kuwa alilipwa kwa mgao wa magunia ya mawe. Mwenye mtaji aliyenunua pampu, kamba na baruti aliishi mjini, na hakuna hata karatasi moja iliyokuwa na jina lake. Mnunuzi wa dhahabu alisema yeye hununua tu kile kinacholetwa mezani. Afisa wa serikali naye alieleza, kwa upole mwingi, kwamba machimbo hayo hayana kibali, na kwa hiyo hayamo katika daftari lake. Kila mmoja alikuwa na jibu, na kila jibu lilimtoa yeye na kumwingiza mwenzake.

Wasomaji wetu wengi ni watu wa kanisa, nao wanaijua sheria iliyo katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia humo, mwenye shimo hulipa. Musa aliandika hayo kwa ajili ya punda. Miaka elfu tatu baadaye, katika jamhuri yenye katiba, Bunge na mahakama, sisi hatujaweza kumpa mwana wa Nyatike kile ambacho punda wa Israeli alikuwa nacho.

Uchimbaji katika Migori si jambo la juzi. Mgodi wa Macalder ulitoa dhahabu na shaba tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Kampuni ilipoondoka, mashimo na vilima vya mabaki vilibaki. Wananchi wakarudi pale pale kwa nyundo na karai, wakachimba walichosaza wakubwa. Sheria iliyotawala wakati wote huo, ile ya 1940, iliandikwa na wakoloni kwa ajili ya makampuni. Mchimbaji mdogo hakutajwa ndani yake kama mtu mwenye haki. Alikuwa mwizi katika ardhi ya babu yake.

Wala tusisahau jinsi serikali ya mkoloni ilivyotenda palipoonekana dhahabu. Mwaka 1930 ilitunga sheria ya kuwaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao itakuwa yao milele. Dhahabu ya Kakamega ilipogunduliwa, sheria hiyo ikarekebishwa mwezi Desemba 1932, ili ardhi iweze kuchukuliwa bila mwenyewe kupewa nyingine badala yake. Milele ile ilidumu miaka miwili. Tangu hapo, mtu wa Nyanza ana sababu ya kuitazama kwa jicho la shaka sheria yoyote inayohusu madini.

Lakini haifai kusema kwamba hakuna kilichobadilika. Wale waliopigwa marungu siku ya Saba Saba mwaka 1990, na viongozi wa dini waliosimama nao, akina marehemu Askofu Henry Okullu, hawakuteseka bure. Kifungu cha 2A kilifutwa mwezi Desemba 1991. Katiba mpya ilikuja mwaka 2010, na matunda yake yanafika hadi shimoni. Ibara ya 62 inasema kwamba madini yote ni mali ya umma, nayo serikali ya taifa huyashika kwa niaba ya wananchi. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Ibara ya 70 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo, hata kama yeye mwenyewe hajapata hasara.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 ilimtambua mchimbaji mdogo kwa mara ya kwanza. Ilimpa njia ya kupata kibali, na ikamtaka afuate kanuni za usalama na kutunza mazingira. Ikaagiza kila kaunti iwe na Kamati ya Wachimbaji Wadogo, ambamo wachimbaji wenyewe wana wawakilishi. Ikagawa mrabaha kwa mafungu matatu: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa.

Na hata kabla ya hapo tulikuwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Sheria hii ndiyo inayovunja visingizio vyote nilivyosikia ofisini mwangu. Haisemi kwamba inawahusu wenye barua za ajira peke yao. Inahusu kila mahali ambapo mtu yeyote yuko kazini, kwa muda au daima. Anayemiliki au kusimamia mahali pa kazi ana wajibu wa kupafanya salama. Mfanyakazi akiripoti hatari kubwa, asilazimishwe kurudi hapo kabla hatari hiyo haijaondolewa. Mtu akifa kazini, afisa wa usalama wa eneo hilo apewe habari ndani ya saa 24. Palipo na watu 20 au zaidi, iundwe kamati ya usalama. Basi neno "mshirika" halimwokoi msimamizi wa shimo, wala ukosefu wa kibali haumwokoi afisa. Kama machimbo hayana kibali, hiyo ni sababu ya afisa kwenda huko, si sababu ya kubaki ofisini.

Upungufu wetu, basi, si wa sheria. Kamati za kaunti zilichelewa kwa miaka kuundwa. Mchimbaji akishindwa kupata kibali, hubaki nje ya sheria. Akiwa nje ya sheria huogopa kuripoti ajali, na isiporiportiwa, serikali husema haina habari. Katika mduara huo wanafaidika watu wachache sana, nao hawashuki shimoni.

Ajali zenyewe tunazijua. Mwezi Desemba 2021 shimo la dhahabu lilibomoka Abimbo, Bondo, na mwili wa mchimbaji mmoja ulikaa chini ya ardhi kwa miezi huku jamaa zake wakisubiri. Mwezi Mei 2024 watu watano walikufa Hillo, katika kaunti ya Marsabit, kwenye machimbo ambayo serikali ilikuwa imekwisha kuyafunga. Hilo la mwisho tulitafakari vyema, maana kila baada ya maafa husikika sauti ya mkubwa akiamuru machimbo yafungwe mara moja. Amri hiyo hupendeza katika taarifa ya habari. Lakini kijana asiye na shamba wala karo ya wadogo zake hurudi usiku, na shimo la usiku lina hatari kuliko la mchana. Kufunga bila kusimamia ni kuhamisha kifo kutoka mahali panapoonekana hadi mahali pasipoonekana.

Kuna na kifo cha polepole. Mawe husagwa kwa mashine, na vumbi lake laini hukaa katika mapafu na kuyakausha kidogo kidogo. Unga wa mawe huoshwa, ukachanganywa na zebaki ili inase chembe za dhahabu, kisha donge hilo huchomwa motoni. Zebaki hupaa kama moshi usioonekana vizuri, ikavutwa na anayechoma, na mama aliyekaa karibu, na mtoto aliye mgongoni mwake. Inayobaki huingia katika udongo na maji. Vijidudu vya matope huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ambayo hujikusanya katika samaki na kudhuru ubongo wa mtoto angali tumboni. Wajapani wa Minamata waliyajua hayo tangu mwaka 1956, baada ya kiwanda kumwaga zebaki katika ghuba yao. Mkataba wa kimataifa wenye jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013. Kenya iliutia sahihi mwaka huo huo, na ikauridhia mwaka 2023. Miongoni mwa mambo ambayo mkataba huo unataka yakomeshwe ni kuchoma donge la zebaki mahali pa wazi, kulichoma katika makao ya watu, na kutia sianidi katika mabaki yenye zebaki bila kuiondoa kwanza.

Hapa ndipo ndugu zetu wa Homa Bay wasidhani kwamba jambo hili ni la Migori peke yake. Mito ya Gucha na Migori huungana na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, na samaki hana kitambulisho cha kaunti. Anayekula samaki Mbita au Kendu Bay ana haki ya kujua yaliyomo majini. Tena Homa Bay ina machimbo yake ya mchanga na ya mawe, na shimo la mchanga lililoachwa wazi likajaa maji ya mvua humeza mtoto kama lile la dhahabu. Sheria ni ile ile.

Wako wanaosema kwamba mambo ya usalama ni anasa ya nchi tajiri. Hao na wakumbuke Aberfan, kijiji cha Wales huko Uingereza. Tarehe 21 Oktoba 1966, mwaka ule ule mgodi wa Macalder ulipofungwa, kilima cha taka za makaa ya mawe kiliporomoka juu ya shule na nyumba, kikaua watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Nchi ile ilikuwa na fedha na wataalamu. Wenyeji walikuwa wametoa onyo kuhusu kilima kile miaka kadhaa kabla. Tume ya uchunguzi iliilaumu Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, lakini hakuna aliyeshitakiwa. Kilichokosekana Aberfan ni mtu mmoja mwenye mamlaka wa kusikiliza onyo la wenyeji na kulitenda. Jambo hilo halihitaji utajiri.

Na sisi tumekwisha kuona kwamba wanyonge wanaweza kushinda. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na sumu ya risasi ya kiwanda, walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha mwezi Desemba 2024. Katika kesi hiyo lawama haikumwangukia mwenye kiwanda tu, bali na taasisi za serikali zilizoshindwa kusimamia. Hilo ndilo jibu la kisheria kwa mama wa Nyatike. Mwenye shimo si mmoja. Ni kila aliyefaidika nalo, na kila aliyelipwa mshahara alilinde akalala.

Kwa hiyo, wanamageuzi, tudai mambo matano bila kumung'unya maneno.

Kwanza, Kamati za Wachimbaji Wadogo zikutane hadharani, na orodha ya vibali ibandikwe kwa chifu na kwenye mbao za matangazo za makanisa. Ibara ya 35 inatupa haki ya habari hizo.

Pili, kila kifo shimoni kiripotiwe kama sheria inavyoagiza, na matokeo ya uchunguzi yatangazwe.

Tatu, maji, samaki na damu ya wanaochoma dhahabu vipimwe, na wachimbaji wapewe vifaa na mafunzo ya kuachana na zebaki.

Nne, mashimo yaliyoachwa yafukiwe au yazungushiwe ua, kuanzia na yale ya zamani.

Tano, hesabu ya mrabaha isomwe mbele ya wananchi: kiasi kilichokusanywa, kilichofika kaunti na kilichofikia jamii.

Kwa makanisa nina neno moja. Jimbo Katoliki la Homa Bay, lililoanzishwa mwaka 1993, linazikusanya kaunti hizi mbili chini ya askofu mmoja, na madhehebu mengine yana parokia na vikundi hadi kwenye kingo za machimbo. Hakuna ofisi ya serikali iliyo karibu na wachimbaji kama ninyi. Ninyi ndio mnaowazika. Basi daftari la maziko liwe pia daftari la ushahidi: jina, tarehe, shimo, na msimamizi wake. Wakili akiwa na daftari la namna hiyo, kesi imefika nusu.

Na kwa vyama vyote, vilivyo serikalini na vilivyo nje: tulipigania vyama vingi ili mwananchi awe na mahali pengine pa kupeleka kilio chake, si ili awe na watu wengi zaidi wa kumwambia pole. Katika kila uchaguzi mgombea hufika machimboni kuomba kura, naye hupewa kiti kivulini. Safari ijayo, kabla hajaketi, aongozwe hadi ukingoni mwa shimo na aulizwe lile swali la mama: mwenye shimo hili ni nani? Asiyeweza kulijibu asipewe kura.

Mama yule bado anasubiri. Kesi yake ni ngumu, lakini tumeiandika, na safari hii walioshitakiwa ni zaidi ya mmoja.