ZIWA VICTORIA LILIWAHI KUKAUKA, USIBISHE!

Kwa wale ambao mshahara umekula kona kabla ya mwisho wa mwezi, poleni, tupo wengi. Wiki hii naweka kando mambo ya mapenzi. Yule dada wa Kirumba aliyeandika kuhusu mchumba mwenye simu mbili, avute subira, barua yake nimeipata. Leo naongelea maji. Ndiyo, maji! Usikimbilie ukurasa wa michezo kwanza.

Nyie mliosoma jiografia mtakumbuka jinsi tulivyokaririshwa Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini. Superior, Michigan, Huron, Erie, Ontario, unayataja kwa wimbo kama dua, halafu unachora na njia ya meli ya St. Lawrence na unapata vema yako. Mimi nikiwa dirishani darasani nalitazama Ziwa Victoria lile pale, linametameta, na hakuna aliyewahi kuniambia lina kina gani. Basi nikamaliza Form Four najua meli za Wamarekani zinabeba chuma na ngano, lakini ziwa ninaloogelea nalijua kwa harufu tu.

Sasa sikilizeni kichekesho. Mambo ya ziwa letu nimekuja kuyapata kwa watu wa hilo hilo Superior.

Kuna mji unaitwa Duluth, jimbo la Minnesota, Marekani. Uko kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Superior, na baridi yake si ya kuvaa sweta moja. Chuo Kikuu cha Minnesota kina tawi lake pale, na ndani ya tawi hilo kuna kituo kinaitwa Large Lakes Observatory, kilichoanzishwa 1994. Kazi yao ni maziwa makubwa, popote yalipo duniani. Na ukitaja maziwa makubwa huwezi kuturuka sisi. Superior ndilo ziwa la maji baridi linaloongoza kwa upana duniani, kilometa za mraba zaidi ya 82,000. La pili ni hili la kwetu, karibu 69,000.

Lakini hapo ndipo ulingano unapoishia. Superior lina kina cha mita 406 pale panapozama zaidi. La kwetu? Mita 80 hivi, na sehemu kubwa ni nusu ya hapo. Ukipima ujazo, maji ya Superior ni zaidi ya mara nne ya maji yetu. Yaani sisi tuna sinia, wenzetu wana sufuria.

Mkurugenzi wa kwanza wa kituo hicho, Thomas Johnson, alikuja kuchimba tope la sinia letu mwaka 1995. Kazi yenyewe si ya ajabu kuieleza. Meli inasimama katikati ya ziwa, wanashusha bomba refu mpaka chini, linazama kwenye tope, kisha wanalivuta juu likiwa limejaa. Ndani tope limejipanga kama keki ya arusi, tabaka kwa tabaka. La juu ni la juzijuzi, la chini ni la enzi ambazo hata babu wa babu yako hajulikani. Vilevile wanapeleka mlio wa sauti chini, mwangwi unaporudi unawachorea sakafu ilivyokaa.

Tope likashuka, likashuka, halafu ghafla likakoma. Chini yake wakakuta udongo mgumu wa nchi kavu. Tena si pembeni, ni kule kule kwenye kina. Johnson na wenzake, wakiwemo wasomi kutoka Uganda, wakatoa matokeo 1996 katika jarida la Science: Ziwa Victoria lilikauka lote, kabla ya miaka 14,000 iliyopita. Si kupungua. Kukauka!

Nililitoa hilo kijiweni kwetu jirani na stendi nikaona moto. Fundi redio, mtu mzima anayeheshimika, aliweka kikombe chake cha kahawa chini. "We dogo, hilo ziwa Mungu kaliweka. Unataka kusema sangara walikuwa wanatembea kwa miguu?" Kijiwe kizima kikacheka.

Nikamjibu, mzee wangu, sangara hakuwepo kabisa. Sangara waliletwa na watu miaka ya 1950. Waliokuwepo ni furu, vile visamaki vyenye rangi ambavyo bibi zetu walikaanga kabla minofu haijaanza kupanda ndege. Na hapo ndipo wataalamu wanaposhika vichwa. Ziwa lilipojaa tena, furu waligawanyika wakawa aina zipatazo 500, ambazo nyingi huzikuti pengine popote, ndani ya miaka isiyozidi 15,000 au 16,000. Kwa hesabu za viumbe hiyo ni kama kufumba na kufumbua. Kisha sangara walipozidi kwenye miaka ya 1980, na maji yakachafuka, aina nyingi zikapotea kabla hata hazijapewa majina. Fundi alinyamaza kidogo. Akasema furu anawakumbuka, mama yake alikuwa anawapika na nyanya chungu.

Sasa swali la msingi: ziwa kubwa namna hii linakaukaje? Jibu lilinifanya nisilale. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayoanguka juu ya ziwa lenyewe. Kagera, Mara, Simiyu, Nzoia, mito yote hiyo ni nyongeza. Na sehemu kubwa ya maji yanayotoka haiendi Misri, inapanda juu kama mvuke wa chai, Mto Nile unachukua kilichobaki pale Jinja. Kwa hiyo ziwa letu linaishi mkono kwa mdomo, kama sisi wenyewe. Mvua ikigoma miaka michache linashuka, ikizidi linafurika. Tumeona 2006 lilivyoshuka mpaka boti zikakwama, na tumeona Mei 2020 lilivyopanda likavunja rekodi ya 1964 na kuingia majumbani mwa watu. Sisemi litakauka kesho, msije mkauza viwanja vya ufukweni kwa bei ya kutupa. Nasema ni ziwa lenye akiba ndogo.

Na si mvua peke yake inayoliangukia. Mtaalamu wetu, Dk. Rashid Tamatamah, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliweka vyombo upande wetu wa ziwa kukinga kinachoshuka kutoka angani. Katika timu yake alikuwemo Robert Hecky, mtu ambaye baadaye alikwenda kuwa profesa kule kule Duluth. Mwaka 2005 wakatoa majibu: zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani inatoka hewani. Vumbi, na moshi wa mashamba na misitu inayochomwa. Fosforasi ni ile ile ya kwenye mbolea. Ikiingia majini inanenepesha mwani, maji yanakuwa ya kijani kama supu ya mlenda, mwani ukifa unaoza na kumaliza hewa chini, samaki wanakosa pumzi. Kumbe yule mjomba anayewasha moto shambani huko Geita anatia mbolea ziwani bila hata kulowesha kandambili!

Msidhani wenzetu wamesalimika. Wana-Duluth wawili, Jay Austin na Steve Colman, walionyesha 2007 kwamba maji ya juu ya Superior wakati wa kiangazi yameongezeka joto kwa nyuzi 2.5 hivi tangu 1979, haraka kuliko hata hewa, kwa kuwa barafu ya kuyafunika imepungua. Juni 2012 ikanyesha mvua ya kasheshe, mji ukafurika, bustani ya wanyama ikajaa maji, na sili mmoja akatoroka akakutwa anajivuta katikati ya barabara usiku. Mwaka huo huo mwani ukaonekana kwenye Superior, ziwa lililosifika kwa maji kama kioo. 2018 ukarudi kwa nguvu zaidi.

Ila wao wana kitu kimoja nakitamani kuliko hata barafu yao. Kituo kina meli, Blue Heron, iliyojengwa 1985 kwa ajili ya uvuvi wa Atlantiki, chuo kikainunua 1997 na kuigeuza maabara. Majira ya joto huwa wanaifunga gatini na kukaribisha mtu yeyote wa mji. Muuza duka, mtoto wa shule, bibi na mkongojo wake, wanapanda, wanaonyeshwa mabomba ya tope, wanauliza maswali ya kijinga na wanajibiwa na profesa mwenyewe. Bila kadi wala barua ya mwaliko.

Wataalamu wetu wapo hapa hapa mjini, boti zipo, matope yapo tele. Mimi nimekulia Igogo na sijawahi kusikia mtu akituita tupande. Nane Nane wanatuonyesha ng'ombe wa maziwa na mahindi marefu, safi sana. Sasa siku hiyo mtu akifunga boti moja pale bandarini, akaweka bomba la tope mezani na mtaalamu mmoja asiyependa Kiingereza kirefu, mimi namleta fundi redio na kijiwe chote. Kahawa juu yangu.

Haya, nafasi imekwisha. Wiki ijayo ni zamu ya dada wa Kirumba na mchumba wake wa simu mbili, na niwadokeze tu: hiyo simu ya pili ni kimeo. Tchao!